Siku Tisa Bondeni na Trekta la Kijiji

Klachi ilikufa siku ya tatu ya kulima, mwisho kabisa wa shamba la kijiji, kule bondeni. Nilikanyaga pedali, nikaingiza gia, nikaachia. Injini ikanguruma lakini magurudumu hayakutikisika, na harufu ya kuungua ikapanda hadi kwenye kiti. Harufu ile niliijua tangu nilipokuwa utingo kwenye mashamba ya mkonge.

Utingo huo ndio ulionipa trekta. Nilikuwa mtu wa kuja, kutoka Songea, sina mke wala ndugu upande wote huu wa Temeke, na lafudhi yangu iliwachekesha watu kisimani. Kijiji chetu cha ujamaa, huku nyuma ya Chamazi, kilipoletewa trekta kuukuu, ikaonekana ni mimi peke yangu niliyewahi kushika spana. Wakanikabidhi. Tangu hapo hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nikawa Bwana Trekta.

Mwenyekiti wa kijiji alishuka bondeni na watu kama kumi. Akalizunguka trekta, mikono nyuma.

“Linapona?”

“Linapona, Ndugu Mwenyekiti. Ila pleti ya klachi imekwisha. Lazima nilitenganishe, injini huku, gia boksi kule.”

“Siku ngapi?”

“Tatu, nne. Siwezi kujua.”

Akatazama mawingu. “Mvua haitusubiri. Sisi tutashika majembe. Wewe kaa nalo hapahapa. Ukiliacha peke yake, kesho hutakuta hata taa.”

Wakapanda kilima, nikabaki. Nilijenga kibanda cha makuti pembeni ya gurudumu, nikaanza kazi. Niliviringisha magogo ya minazi, nikayaingiza chini ya injini na mengine chini ya gia boksi, nikapigilia kabari za mti mpaka pande zote mbili zikakaa bila kutikisika. Bolti zilikuwa zimeshika kutu. Nyingine nilizimwagia dizeli nikazingoja kutwa nzima ndipo zikalegea. Mchana nilisikia watu wakiimba shambani, juu kule, majembe yakishuka kwa pamoja. Wimbo ukifika mahali pa kucheka, walicheka wote. Mimi nilikuwa chini ya chuma, mgongo kwenye udongo, mchanga ukiniingia machoni.

Chakula changu kiliwekwa njiani, kwenye sufuria iliyofunikwa jani la mgomba. Nilikikuta, aliyekileta sikumkuta hata siku moja.

Siku ya nne ya kukaa bondeni nilisikia mtu akikohoa. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane, ambaye shamba lake la muhogo lilipakana na bonde. Miaka miwili tulikuwa tumesalimiana tu.

“Bwana Trekta, unaongea na nani humo chini?”

Niliona haya. Kweli nilikuwa naongea. “Na bolti, mama. Zinakataa kutoka.”

Hakucheka. “Mie naongeaga na muhogo,” akasema, akaendelea na palizi yake.

Kesho yake trekta likaachana, nikatoa kabari za upande wa gia boksi, nikalisukuma gurudumu la nyuma kidogo kidogo mpaka nikaiona pleti. Ilikuwa imelika hadi kwenye chuma. Ilibidi niende mjini, na hapakuwa na wa kulinda. Nikamwendea yule mama shambani kwake. Nikamweleza shida yangu.

“Nenda,” akasema. “Nitakaa nalo.”

Nilitembea hadi Mbagala, nikapata lori hadi Keko. Fundi mmoja wa gereji za uani aliigeuza ile pleti mikononi, akatikisa kichwa. Mpya haikuwapo mjini kote. Akakata vipande kutoka kwenye breki kuukuu za lori, akavipunguza unene kwa tupa, akavipigia ribiti mahali pa vile vilivyokwisha. “Ukanyage kwa adabu,” akaniambia.

Niliporudi, manyunyu yalikuwa yameanza. Mama yule alikuwa amekaa kwenye kibanda akichambua kunde, na mdomo wa gia boksi alikuwa ameufunika kwa khanga yake.

“Mama, hiyo grisi haitoki.”

“Nimeiona.”

Kutenganisha trekta mtu mmoja anaweza. Kulirudisha kunataka wawili. Siku mbili nilijaribu peke yangu. Kila nikisukuma, shafti iligonga pembeni ya tundu. Siku ya tisa yule mama akaweka jembe chini bila kuitwa. Nikamwonyesha pa kushika. Mimi nikazungusha injini kwa mkono, pole pole, yeye akisukuma gurudumu.

“Sukuma. Ngoja. Sukuma tena, taratibu.”

Shafti ikazama ndani. Tulikaa chini pale pale kwenye tope, tukacheka mpaka akajifuta macho. Sikumbuki kabla ya hapo nilicheka na mtu lini.

“Panda, nikupeleke kwako,” nikamwambia jioni, bolti zilipokazwa na injini ikawaka.

“Nionekane juu ya trekta na wewe? Watu watasema nini?” Akachukua jembe lake, akaenda kwa miguu.

Nilipofika juu, shamba lote lilikuwa limeshalimwa. Mwenyekiti alinipungia mkono kwa mbali. “Tumemaliza, ndugu! Lipeleke tu kwenye banda lake kijijini.” Watu walisogea pembeni kunipisha, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Baada ya mavuno binti wa yule mama, aliyeolewa Mwananyamala, alimtaka mama yake ahamie kwake. Mwenyekiti akaniagiza nimpelekee mizigo hadi barabara kuu. Nilipakia kitanda, vinu viwili na magunia ya muhogo mkavu kwenye tela. Siku hiyo alipanda, akakaa nyuma juu ya magunia. Kelele za injini hazikuturuhusu kusema neno. Njia nzima nilipanga la kumwambia tukifika.

Tulipofika, gari lilikuwa linangoja. Tulishusha mizigo haraka haraka.

“Haya, Bwana Trekta.”

“Haya, mama. Safari njema.”

Nikaligeuza trekta. Tela tupu liliruka kwenye kila shimo, na niliendesha kwa gia ya pili hadi kijijini. Nikafungua tela, nikatia grisi kwenye ekseli, nikanawa mikono kwa dizeli na mchanga. Halafu nikapika ugali wa mtu mmoja.