Kipande cha Turubai Kilichomtoa Mwenye Meli Mafichoni

Saa mbili asubuhi, Magongo. Kafedha Tinga amekaa chini, miguu ameinyoosha, anafuma wavu wa kutandazwa chini ya ngazi ya meli, ule wa kumdaka baharia akiteleza. Mbele yake amesimama kijana Maxwell, viatu vinang'aa kuliko sufuria za bi harusi. Ameleta kazi mpya.

"Mama, andika jina lako tu kwenye karatasi hii ya oda, tumalize."

"Langu nalijua tangu nibatizwe, mwanangu. Nataka la aliyekutuma."

Anamrushia kipande cha turubai na kalamu. Maxwell anachuchumaa, suruali ikilalamika, anaandika jina lake, kampuni yake, meli na alichotumwa kuagiza. Kipande kinatundikwa msumarini penye wenzake. Hapo ndipo sindano inaposhikwa.

Kafedha ni mjane wa miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona maturubai na kufuma nyavu za meli. Wiki nzuri humwachia shilingi elfu sita. Mali yake kubwa ni cherehani ya kushonea turubai, ambayo wanaume watatu huibeba wakiguna.

Mwaka juzi nusura aipoteze.

Dancun, wakala wa meli iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari, alimwagiza nyavu nne na kumtaka akodi mashua ya kuzipeleka.

"Akaniambia, kodi kwa jina lako, meli usiitaje. Wenyewe hawapendi kujulikana," anasema Kafedha. "Nikajiona mtu mkubwa, nimepewa siri!"

Akaenda Likoni kwa Bwana Mahfudh, akatia sahihi peke yake, kana kwamba anakodi mashua ya kwendea harusini. Walipofika kwenye meli, wimbi likaibamiza mashua, ubavu ukapasuka. Hakuna aliyeumia ila Mahfudh, moyoni.

"Nilimwambia, meli siijui, nakujua wewe," anakumbuka Mahfudh. "Ndipo akaanza kunitajia mwenye meli. Wallahi, nilidhani ananitungia hadithi."

Dancun naye akaruka futi mia: hakumtuma mtu kukodi chochote. Mahfudh akaja na mkokoteni, akaichukua cherehani iwe rehani mpaka mashua yake itengenezwe. Miezi minne Kafedha akashona kwa mkono, vidole vikawa kama tangawizi.

Wakili Israa, mwenye ofisi ndogo Changamwe, hakumpaka mafuta. Alimweleza kwamba aliyefunga mkataba kwa jina lake, akamficha aliyemtuma, hujibu yeye. Lakini aliyejificha akijulikana, na ikithibitika kwamba ndiye aliyetoa ruhusa, mwenye mashua anaweza kumwandama huyo badala yake.

"Una ushahidi wa ruhusa, mama?"

Karatasi hakuwa nayo. Lakini Kafedha huandika vipimo kwenye vipande vya turubai, maana karatasi huloa jasho. Siku ile Dancun, kwa haraka zake, alijiandikia mwenyewe: ukubwa wa nyavu, jina la meli, na chini yake, "Kodi mashua uzilete." Akatia sahihi.

Kipande kilikuwa wapi? Ndani ya mto anaokalia, ameujaza mabaki ya kazi.

"Miezi minne nimeukalia ushahidi wangu!" anacheka mpaka anashika mbavu.

Israa akaandika barua, akaambatisha picha ya kipande. Wenye meli wakajitokeza, wakakiri kuwa Dancun alikuwa wakala wao na kwamba Kafedha aliikodi mashua kwa ruhusa yao. Wakaitengeneza. Cherehani ikarudi Magongo kwa mkokoteni uleule, Mahfudh akiusukuma mwenyewe, kichwa chini.

Sasa wawili hao wanapanga kufungua duka moja karibu na bandari, yeye nyavu, Mahfudh mashua. Wamebakiza kibao cha mlangoni.

"Tutaandika jina la nani, dada Kafedha?" anauliza Mahfudh.

"Letu sote wawili, Bwana Mahfudh. Na chini yake nafasi pana, mteja aandike la bosi wake kabla hajavua viatu."