Sifuri ya Kalamu Yangu

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na jibu moja kwa watoto waliovuka Ruvuma wakikimbia vita vya ng'ambo: "Wote darasa la kwanza, wajifunze Kiswahili." Hasira bado inanipanda nikiikumbuka sauti yake. Lakini nisijisafishe.

Alikuja binti wa miaka kumi na miwili. Mama yake akatuambia kwao alishafika darasa la sita. Mkuu akaniagiza nimpime, maana mimi ndiye mwalimu wa hisabati. Nikampa maswali kumi ya kugawanya. Akaandika harakaharaka, namba ya kugawanyia akaiweka kulia, jibu chini yake. Kwetu namba hiyo hukaa kushoto, jibu juu. Nilikuwa na rundo la madaftari linanisubiri. Nikamkosesha yote kumi, nikamwonyesha sifuri yake. Aliitazama, akanirudishia karatasi.

Basi akakaa na watoto wadogo, magoti yamegota dawati.

Baada ya miezi miwili nikamkuta wakati wa mapumziko akimwelekeza msichana wa darasa la sita. Anagawanya kwa njia yake ileile, na jibu ni sahihi! Nikatoa karatasi yake kabatini, nikakokotoa upya. Yote kumi alikuwa amepata.

Nikaipeleka ofisini.

"Madam, sifuri hii ni ya kalamu yako," mkuu akasema. "Na barua ya uhamisho hana."

"Shule yao imechomwa moto, mkuu! Barua aitoe kwenye majivu?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Nikapiga meza, mimi ambaye sijawahi kumpandishia mkubwa sauti. Nikamwambia mkuu wa shule mwenye akili angemwita mtoto na mama yake, akauliza kwao wanasomaje, akatafuta wa kutafsiri. Nusu ya kijiji chetu wanaongea Kimakonde kama wao! Nilimganda siku tatu. Ijumaa akasaini huku amenuna: darasa la tano.

Jumatatu binti hakuja. Nikamfuata nyumbani, nikamkuta mama yake anamenya mihogo.

"Yupo bondeni, anafukuza ndege kwenye mpunga," akasema. "Shule amekataa, mwalimu. Anasema walimu wa kule tulikotoka walimdanganya, kumbe hesabu hajui hata moja."

Aliyemdanganya ni mimi. Nikavua viatu, nikateremka bondeni kumwambia hivyo.