Hatua Tatu Ndani ya Mpaka

Juzi hapa Garissa karani wa ujenzi alimletea mama jirani yangu notisi: nyumba yake ya miti na mikeka ilivuka mpaka wa mji kwa hatua tatu. Katika vita hivi vya serikali na shifta, waasi wa huku kwetu, anayelala nje ya mpaka huhesabiwa mmoja wao.

"Una siku saba kuihamisha," karani alisema.

"Siku saba za nini? Shika hapa, walaal," mama alisema, akimwita ndugu kwa Kisomali.

Akina mama wanne wa jirani wakaja wakashika miti. Karani akaweka faili chini, naye akashika. Nyumba ikarudi ndani nzima nzima, meko yakabaki nje yakifuka moshi.

Mama akammiminia chai. "Asante kwa kuniambia mchana," alisema. "Wengine, wenye bunduki, wangekuja usiku."

Ukuta wangu wa mawe nao umevuka mpaka na una notisi ya karani huyohuyo, na mwezi mzima nilikuwa nimemnunia. Jana nilimsalimia kwanza, kisha nikaenda kuazima sururu.