Chuma cha Njiani

Babu yangu ndiye aliyeliona kosa la utafiti wangu kabla ya mtu yeyote, na sijawahi kumwambia mtu. Aibu gani hii! Hata sasa nikiandika, uso unaniwaka moto.

Nilikuwa ng'ambo nasomea uzamivu, nikaja likizo kwetu Kasense wakati wa mavuno. Ndiyo miaka ile soko huria limeingia, maduka ya Chanji, mjini, yamejaa majembe ya kiwandani. Babu, ambaye ujanani alibeba makaa kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma hapa Ufipa, alikuwa akiyagonga kwa ukucha na kusonya. Siku hiyo, huku anapukuchua mahindi, akaniuliza mimi mke wake mdogo huko nasoma kitu gani hasa.

Nikamweleza mbele ya wageni, na kusema kweli nilikuwa najishaua. Nikasema kuna vitu vinawaka mbali mno, vinaitwa kwasari, na mwanga wake umesafiri tangu ulimwengu ungali mchanga. Mimi nautawanya mwanga huo kwa chombo, unatoka rangi rangi kama upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari myeusi. Chuma kina mistari yake, shaba ina yake. Kwa mistari hiyo napima nyota za zama zile zilikuwa zimeshapika chuma kiasi gani. Nami nilikuwa nimekuta kingi kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Babu akaacha kupukuchua. Akasema zamani walisimama kilimani kuutazama moshi wa tanuru lao, wajue moto umefikia wapi. Mara nyingine moshi wa tanuru la jirani ulikatiza mbele, wakausoma ule wakidhani ni wa tanuru lao.

"Sasa wewe, mke wangu, umejuaje chuma hicho ni cha kule kwenye moto? Labda kiko njiani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Babu, haya mambo hutayaweza." Wageni wakacheka, naye akacheka kidogo, akarudi kwenye mahindi yake.

Niliporudi ng'ambo swali lile likanikera. Nikarudia vipimo vyote, nia yangu nihakikishe kwamba amekosea. Wapi! Mistari ile haikuwa ya kwasari hata kidogo. Ilikuwa ya wingu la gesi lililokaa katikati, karibu zaidi nasi. Nikasahihisha. Msimamizi wangu akanisifu mbele ya wenzangu kwa umakini, nikapokea. Kwenye ukurasa wa shukrani niliwataja maprofesa, wafadhili, hata fundi wa kompyuta. Babu hakuwamo.

Likizo iliyofuata nilimkuta amedhoofu, lakini hakuwa amesahau. Nilipomaliza tu kumwamkia, akauliza chuma changu kimeishia wapi. Neno moja lingetosha: ni wewe, babu. Lakini mjomba wangu, mwalimu, alikuwa amekaa pale na tasnifu yangu magotini, nikaona haya kuonekana nimesahihishwa na mbeba makaa. Nikasema ni kweli chuma kilikuwa njiani, na msimamizi wangu ndiye aliyegundua.

Babu akafurahi mno.

"Kumbe huko nako kuna mtu anaujua moto," akasema. "Mpelekee salamu zangu. Mwambie nashukuru kwa kukufundisha."

Nilizipeleka, jamani. Msimamizi akaguswa, akauliza babu yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamjibu ni mkulima tu.