Mkia wa Gari Mteremkoni

Gari langu lilikuwa kuukuu, lakini kazi yangu liliimudu. Nilikuwa nikibeba mboga kutoka Silanga kwenda Kabiro, mitaa ya Nairobi, njia zenye mashimo kiasi kwamba gea ya tatu unaisahau. Gari likirukaruka, unalaumu barabara.

Baada ya mume wake kufariki, dada yangu mkubwa, fundi wa nguo, aliamua kurudi nyumbani kwa mama, Kakamega. Alisema chumba cha Kabiro kimekuwa kikubwa, ingawa kilikuwa chumba kimoja tu. Nikajitolea kumpeleka. Tulipakia magunia ya vitambaa na godoro kwenye buti, naye akaketi nyuma aishike cherehani yake ya chuma isianguke.

Tulipopita Limuru niliongeza mwendo. Kila tuliporuka kibonde, mbele ilitulia mara moja, lakini nyuma iliendelea kupanda na kushuka. Dada ndiye aliyesema.

"Wewe ukishakata kona, mimi huku bado nakuja."

Nikamjibu kwamba ni mzigo.

Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa lori likatupita kwa kasi. Upepo wake uliusukuma mkia wa gari kushoto, ukarudi kulia, ukaenda kushoto tena, kila mara zaidi. Niliogopa kukanyaga breki. Nilishika usukani sawa, nikaachilia pedeli ya mafuta polepole, hadi gari likatulia, magurudumu ya upande mmoja yakiwa kwenye changarawe. Dada alikuwa ameikumbatia cherehani.

Tulijikokota hadi Naivasha. Makanika mmoja alilibonyeza gari nyuma kwa mikono miwili, akaachilia, likadunda na kudunda. Shoki, zile zinazotuliza springi, zilikuwa zimevuja oili yote, na raba za ekseli zimepasuka. Hakuwa na spea za gari langu. Alitushauri tusiende mbali na mzigo ule.

Nilimwambia dada turudi Nairobi, tusafiri gari likishatengenezwa. Akaanza kushusha magunia kando ya barabara.

"Nikirudi Kabiro, sitatoka tena."

Basi la kwenda Kakamega lilipofika, tulisaidiana na utingo kupakia vitu vyake. Tukapeana mikono. Nilirudi na gari tupu, mwendo wa kobe, malori yakinipita.

Fundi wa Kawangware alibadilisha shoki na raba. Kwenye mashimo gari likawa gumu kuliko zamani, nyanya zikaumia zaidi, ila kwenye barabara kuu mbele na nyuma zilikwenda pamoja. Hilo nililijua nilipoenda kumtembelea dada. Cherehani ilikuwa barazani kwa mama, na wanawake wawili walikuwa wakisubiri nguo zao. Dada alinipa kiti na chai, akaendelea kushona.