Kilima Ambacho Baba Hakukipanda

Shule ilijengwa juu ya kilima kinachotazamana na nyumba yetu, upande wa machweo. Ukisimama kwenye mlango wa jikoni uliona mabati yake ng'ambo ya kijito. Asubuhi za ukungu mabati hayakuonekana, ila kengele, ambayo ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini, ilisikika kana kwamba inagongwa ndani ya zizi letu. Ilikuwa shule ya darasa la tano hadi la saba. Serikali ilikuwa imekwisha kuziondoa zile shule za kati za zamani, lakini watu wa kwetu, huku kati ya Boito na Mogogosiek, hawakuona sababu ya kupoteza neno walilolizoea. Waliiita intamidieti.

Dada yangu mdogo alikuwa amemaliza la nne katika kishule cha kanisa, ambacho hakikuwa na darasa la mbele ya hapo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu kwa likizo ya Krismasi nikakuta wazazi wangu wamegawanyika juu yake. Mama alitaka aende kilimani, kwenye shule ya umma tuliyoijenga wenyewe. Baba alitaka apelekwe Kericho kwa mama mdogo, ambaye mumewe alifanya kazi katika shamba kubwa la chai, akasomee huko.

"Dada yangu hatafuti mwanafunzi," mama alisema huku akikung'uta mkaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. "Anatafuta yaya. Nilizaliwa naye, namjua."

"Huko kuna walimu waliohitimu," baba alijibu.

"Na huko kuna watoto watatu wa kubebwa mgongoni. Darasani ataingia saa ngapi?"

Dada yangu alikuwa ameketi kizingitini akimenya viazi. Hakuulizwa. Wakati huo mtoto hakuulizwa. Lakini nilimwona akiacha kumenya kila baba alipolitaja jina la Kericho, kisu kikibaki hewani.

Mimi nilikuwa na umri wa kubishana na kila kitu. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba hoja ikiondolewa sababu zake huanguka yenyewe, kama kibanda kilichong'olewa nguzo, na nilikuja nyumbani nikiwa na hamu ya kung'oa. Kwa hiyo nilimwandama baba. Alisema kijito ni hatari wakati wa mvua. Nikamwambia ni kijito kile kile dada anakochota maji kila siku, penye daraja lile lile la magogo. Alisema walimu wa kilimani ni vijana tu waliomaliza shule jana. Nikamkumbusha kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpishi wa misheni, na bado nilifika chuo kikuu. Alisema upepo wa kule juu huleta kichomi. Hapo hata mama alicheka.

"Mzee, upepo wa kule ndio huo huo unaokupuliza hapa."

Baba hakucheka. Alichukua kofia yake akaenda kwenye shamba letu la chai.

Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na sikuzote sababu zake zilikuwa na uzito. Hizi zilikuwa nyepesi mno kwake. Ndipo nilipoanza kukumbuka mambo. Shule ilipokuwa ikijengwa, kila boma lilitoa mtu siku za kazi. Baba alitoa miti, tena mizuri, mierezi ya nguzo ambayo wengine wangeiweka kwa ajili ya nyumba zao. Lakini yeye mwenyewe hakwenda hata siku moja. Alinituma mimi, na nilipokuwa chuoni alimlipa kijana wa jirani. Siku ya ufunguzi alisema mguu unamuuma. Kilima kilikuwa mbele ya macho yake tangu azaliwe, na sikuweza kukumbuka kumwona akikipanda.

Jumamosi moja nilimsindikiza mama hadi kituo cha kupokelea majani ya chai. Tulikuwa tumesimama na vikapu vyetu tukingoja lori la kiwandani, na jirani yetu mmoja, mjane ambaye watoto wake wawili walisoma kilimani, akaniuliza kama mzee amekubali.

"Bado," nikasema. "Na hataki kusema kwa nini."

"Wewe umesoma mpaka ukapotea," akanicheka. "Si ulikuwepo siku ile mtoto alipopiga chafya?"

"Chafya ya nini?"

"Haya basi! Nairobi wanawafundisha nini huko? Muulize mama yako."

Mama alijifanya anapanga majani.

Nilikuwepo, ndiyo. Nilikuwa na miaka kama kumi, siku dada alipozaliwa. Baba alikuwa kanisani, na wanawake walikuwa wamejaa nyumbani kwetu, mlango umeegeshwa. Kwa desturi ya Kipsigis, mtoto akizaliwa hutajiwa majina ya wafu wa ukoo wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, huku ugoro ukishikwa karibu na pua yake. Jina analopigia chafya ndilo la yule aliyerudi. Niliwasikia wakitaja majina ya watu ambao sikuwajua, wakinyamaza kila baada ya jina. Kisha jina la nyanya yangu, mama ya baba, aliyekufa zamani, na chafya ndogo kama ya paka. Wakapiga vigelegele. Baadaye mtoto alibatizwa jina la Biblia na hakuna aliyezungumzia ile siku mbele ya baba.

Nikiwa chuoni niliwahi kuwasimulia wenzangu kisa hicho kama mzaha. Ugoro ukiusogeza puani hata mbuzi atapiga chafya, niliwaambia. Swali ni nani anayetaja jina gani wakati huo. Bado naamini hivyo. Lakini njiani kutoka kituoni, kikapu kitupu mgongoni, nilianza kuona upya vitu nilivyoviona miaka yote. Baba hakuwahi kumchapa dada yangu. Hakumtuma kwa sauti ya amri. Alipomletea chakula, baba aliinuka kidogo kwenye kiti chake kabla ya kupokea, kama mtu anavyoinuka mkubwa wake akiingia. Sisi wengine tulidhani ni kwa sababu dada ni kitinda mimba.

Jioni hiyo nilimfuata baba kwenye chai. Alikuwa akipogoa safu za chini, zile zinazopakana na kijito, na kilima kilikuwa mbele yetu kikianza kumezwa na ukungu.

"Ni kwa sababu ya nyanya?" nikamwuliza.

Alikata matawi mengine kadhaa. 

"Unajua watu walizikwa wapi zamani?" akasema.

"Najua hawakuzikwa."

"Wazee sana walizikwa, karibu na zizi. Na watoto wachanga. Wengine walipelekwa nje, upande wa machweo." Hakunyoosha kidole. Hakukuwa na haja. "Mama yangu hakuwa mzee. Misheni ilikuwa mbali bado, na baba yangu hakutaka habari yao. Mimi nilikuwa mwanawe mkubwa, kwa hiyo nilikwenda pamoja na baba mdogo. Tulimlaza ubavu wa kushoto, kama wanavyolazwa wanawake. Tukamfunika kwa vazi lake la ngozi. Baba mdogo akaniambia, sasa twende, na usigeuke nyuma."

"Ukageuka?"

"Sikugeuka. Tulioga mtoni, tukarudi. Kulipokucha watu wazima walikwenda kuona kama fisi wamekuja. Mimi sikuambiwa walichokikuta."

Fisi waliondoka kwetu chai ilipokuja. Vichaka vilikatwa, mashamba yakapigwa mistari, na mimi sikuwahi kusikia mlio wa fisi maishani mwangu. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliona jinsi baba alivyosikiliza kabla ya kuendelea.

"Baba, ni ardhi tu," nikasema. "Kila kilima hapa kina watu wake. Na dada ni dada. Ni ugoro ule uliompigisha chafya."

"Nimekusikia."

"Wewe ni mzee wa kanisa. Unaamini hayo?"

"Siamini," baba akasema. "Lakini nilimpeleka pale mara moja kwa mikono yangu. Unataka nimpeleke tena?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyapanga kichwani usiku ule na yote yalikuwa sawa. Hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lake. Kesho yake asubuhi baba alimwambia mama aanze kuzifua nguo za mtoto. Baada ya Krismasi angempeleka Kericho mwenyewe. Mama alizifua akizipiga jiweni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Dada yangu alizianika. Alipomaliza alikuja akasimama karibu nami.

"Watoto wa mama mdogo wanalia sana?" akaniuliza.

"Kama watoto wote."

"Mimi nikilia huko, nitalilia wapi?"



Jumapili iliyofuata dada yangu hakurudi nyumbani baada ya ibada. Yule mjane alipita akatuambia kwamba watoto walikwenda kilimani kutazama madarasa, naye dada akabaki nyuma wenzake walipoondoka. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka upande wa Mogogosiek. Mama alinitazama mimi, lakini baba ndiye aliyesimama.

"Nitakwenda," nikasema.

"Tutakwenda," akasema yeye.

Tulivuka magogo. Baba alipanda polepole, bado amevaa koti lake la kanisani. Kwenye ua wa shule, ambao wakati huo ulikuwa safu ya vijiti vilivyoanza kuchipua, alisimama. Nilipita mbele yake nikaangalia madarasa yote matatu. Madawati, vumbi la chaki, hakuna mtu. Nilizunguka nyuma, mahali ambapo nyasi hazijakatwa, nikamwona.

Alikuwa amelala. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu, na juu yake amejifunika shuka ya mama, ile aliyokuja nayo kanisani kwa ajili ya baridi.

Nitayaandika mawazo yangu kama yalivyokuwa. Nilijiambia kwamba mtu ana mbavu mbili, na mwenye kulala hana budi kulalia mmoja. Nilijiambia kwamba mteremko wenyewe unamgeuza mtu kuelekea kushoto, na kwamba mtoto mwenye baridi hujifunika. Yote hayo ni kweli. Lakini nywele za shingoni zilinisimama, na nilitamani kumwamsha kabla baba hajafika.

Alikwisha kufika. Sikumsikia akivuka ua. Alisimama kando ya mtoto wake, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye sikumjua, mtu mdogo kuliko mimi.  Matone ya kwanza yakaanguka kwenye mabati, na dada yangu akafungua macho.

"Baba," akasema, wala hakushtuka. "Nilijua utakuja."

Baba alichuchumaa. 

"Huogopi hapa?"

"Niogope nini? Hapa hakuna upepo. Ni pazuri." Akajikuna mguu. "Yale madarasa ndiyo yenye baridi."

"Ni pazuri," baba akarudia.

"Nikiwa hapa naiona nyumba yetu. Nimemwona hata mama akiingia jikoni."

Baba aligeuka akatazama. Kwa kweli nyumba ilionekana yote, mlango, zizi, moshi, na chai ikishuka hadi majini. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake kwa mara ya kwanza. Kisha akavua koti lake, akalitandaza juu ya dada yangu, akambeba. Dada alikuwa mkubwa mno kubebwa. Alimbeba hivyo hivyo mvuani, akateremka naye kilima, akavuka naye magogo, hadi mlangoni, na mimi nilifuata na kofia.

Mama alimpokea. Baba alijikausha uso kwa taulo, akaketi, akasema, "Kericho hatakwenda."

"Nani amekubadilisha?" mama akauliza, akinitazama kwa fahari kidogo. "Msomi wetu?"

"Siyo huyu," baba akasema.

Nilipata nilichokitaka, na nilikipata kwa sababu ambayo siwezi kuikubali. Hilo lilinikera likizo yote. Niliporudi chuoni niliwasimulia wenzangu habari nyingi za nyumbani, lakini hii sikuisimulia. Wala kile kisa cha chafya sikukirudia tena. Na bado kuna nyakati, nikijilaza, najikuta nimesita kwanza kuchagua ubavu. Nakasirika, nageukia wa kushoto makusudi, na usingizi hauji.

Siku ya kufungua shule nilikuwa bado nyumbani. Baba ndiye aliyempeleka, na niliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Dada alikuwa na sare mpya iliyomzidi, na alitembea mbele. Waliingia katika ukungu pale magogoni, wakatokea tena juu karibu na ua. Dada alisema naye kitu, akaingia. Baba akageuka kuja nyumbani. Alitembea hatua chache akitazama chini, kisha akasimama, na polepole sana, kama mtu anayefanya jambo alilokatazwa, akageuka nyuma.

Alisimama pale akiangalia mpaka kengele ikalia, na hata ilipokwisha kulia hakuondoka.