Sumaku Haijui Chumvi

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma wenzake walimbatiza jina la Sumaku, kwa sababu alivaa sumaku shingoni kwa kamba mchana kutwa. Shiti ya stenlesi, bati la chuma kisichoshika kutu, ikiingia karakanani kwake, aliigusisha sumaku hiyo. Sumaku isiposhika, basi, hiyo ni stenlesi safi, kata. Mafundi wote wa mtaa ule walipima hivyohivyo, na waliomcheka walimcheka kwa kuivaa tu.

Siku hiyo alikuwa ndani ya tangi alilolitengeneza mwenyewe, katika kiwanda cha jibini, ameziba pua kwa kola ya shati. Maji ya chumvi ambamo jibini hulowekwa yalikuwa yamemwagwa, yakaacha uvundo wa maziwa yaliyooza uliomkaba kooni. Kuta zilikuwa zimetoboka vishimo vidogo vidogo, kila kimoja kikichuruza kutu. Alichokonoa kimoja kwa ukucha, ukatoka na ute mweusi. Akaupangusa kwenye suruali na papo hapo akajuta.

Dada yake, msimamizi wa chumba hicho, alimchungulia kutoka juu ya ngazi. Ndiye aliyempigia debe mpaka akapewa kazi ya tangi. Sasa jibini lilikuwa linatoka na madoa ya kutu, na meneja alikuwa amemwambia dada aeleze kabla ya jioni, la sivyo aache funguo aende zake.

"Nilikwambia, mnaosha vibaya," alisema Sumaku.

"Nimesugua kama ulivyoniambia." Alimwonyesha viganja, vimechubuka kwa steliwaya na dawa. "Kila nikisugua, tangi linazidi kuoza."

"Haiwezekani. Ona." Aligusisha sumaku ukutani, ikateleza. "Chuma ni safi."

"Mdogo wangu, hiyo sumaku inajua chumvi?"

Meneja alitaka gredi ya tatu moja sita, ile inayostahimili chumvi, na Sumaku aliagiza hiyohiyo kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye duka la vyuma. Alitoka tangini bila kuaga.

Alimkuta shemeji nyuma ya kaunta anakula kuku, mafuta yamemfika kwenye viwiko. Shiti zilikuwa zimeegeshwa ukutani, wazi, zimeshabanduliwa nailoni ya kuzikinga na mikwaruzo, na namba ya gredi huandikwa kwenye nailoni hiyo. Shemeji alikuwa na kawaida ya kuwabandulia wateja, eti anawarahisishia kazi. Sumaku alikuwa akimshukuru kwa hilo.

"Shiti za tangi zilikuwa gredi gani?"

"Si stenlesi? Ulipima mwenyewe."

"Niliagiza tatu moja sita."

"Haikuwepo, nikakupa tatu sifuri nne. Zote zinang'aa, zote sumaku haishiki." Alilamba kidole kimoja kimoja. "Usijitie presha, shemeji. Sema dada yako alizidisha dawa. Watu wa usafi ndio hulaumiwa siku zote, nani atabisha?"

Mtu huyu alimtia Sumaku kinyaa, na meno yake, na mfupa aliokuwa akiufyonza huku anamuuza dada wa mwenzake. Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni kwamba maneno yale hayakuwa mageni. Asubuhi ileile alikuwa ameyatoa kinywani mwake mwenyewe.

Shemeji alimnyooshea mkono waagane. Sumaku aliutazama ulivyong'aa mafuta, akauacha hewani.

Alipofika ofisini kwa meneja, funguo zilikuwa tayari mezani na dada yake amesimama kando, ameinamisha kichwa.

"Huyu hana kosa," alisema Sumaku. "Chuma nilichoweka hakifai kwa chumvi. Sikusoma gredi, nilipima kwa sumaku. Nitalitengeneza upya kwa gharama yangu."

Meneja alikunja uso. Kisha alizisukuma funguo upande wa dada, bila hata kumwomba radhi.

Shiti mpya zilinunuliwa duka jingine. Dada alikuja karakanani, akakataza nailoni isibanduliwe mpaka aisome namba mwenyewe, shiti baada ya shiti. Kisha akakata ile kamba shingoni mwa mdogo wake kwa mkasi, akaichukua sumaku akaokotee sindano nyumbani. Alipompa mkono wa kuagana, Sumaku aliushika taratibu, maana kiganja kilikuwa bado hakijapona.